Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inalijuaje Shamba la Njoro?

Tulipogusia katika toleo lililopita kwamba kuna programu za kompyuta zinazokadiria mavuno kabla mbegu haijaingia ardhini, barua zilitufikia kwa wingi, kutoka Molo hadi Bungoma. Programu hizo huitwa modeli za mazao. Hapa tunajibu barua zilizobeba maswali ya wengi.

Nilihudhuria mafunzo ya siku mbili kuhusu programu ya DSSAT. Nimerudi nayo kwenye kompyuta, lakini sijaelewa inafanya nini ndani. Mkulima akiniuliza nimjibu vipi?
*Afisa wa nyanjani, Njoro*

DSSAT ni mojawapo ya programu zinazobeba modeli za mazao. Mwambie kwamba modeli ni daftari la mapato na matumizi ya mmea, linalofungwa kila jioni. Kila siku ya msimu programu huuliza maswali yale yale. Leo jua limetoa nishati kiasi gani? Majani yaliyopo yamenasa kiasi gani? Mizizi imefika wapi, na hapo kuna maji na nitrojeni ya kutosha? Kilichopungua ndicho kinachokata ukuaji wa siku hiyo. Baada ya hapo inahamia siku inayofuata, hadi mavuno.

Umri wa mmea hauhesabiwi kwa siku bali kwa joto. Kwa mahindi, modeli ya CERES iliyomo ndani ya DSSAT huchukua wastani wa joto la siku na kutoa nyuzi 8, kwa sababu chini ya hapo mahindi hayasongi. Nakuru, penye wastani wa nyuzi 18 hivi, mmea hujipatia vizio 10 vya joto kwa siku. Kisumu, penye nyuzi 23 hivi, hupata 15. Tuseme mbegu inahitaji vizio 900 tangu kuota hadi kutoa ndevu: Nakuru itachukua siku 90, Kisumu siku 60. Ndiyo maana mbegu ya nyanda za juu kama H614 ikipelekwa kando ya ziwa hukimbia kukomaa kabla haijanasa jua la kutosha.

Data inazohitaji ni za aina nne: hali ya hewa ya kila siku (mvua, joto la juu, joto la chini, mionzi ya jua), udongo kwa matabaka, tabia za mbegu, na kazi ya mkulima mwenyewe, yaani tarehe ya kupanda, nafasi, na mbolea ya aina gani, kiasi gani, siku gani. Moja ikikosekana programu bado itatoa jibu, na jibu hilo litaonekana safi kabisa kwenye skrini. Hapo ndipo wengi huumia.

Mradi mmoja ulipita kwetu ukatuambia kwamba kwa mbegu na mbolea tuliyotumia, ekari moja ingetoa magunia 20 ya mahindi. Nimevuna 9. Nani alikosea, mimi au kompyuta?
*Mkulima, Nyando*

Pole sana. Huenda hakuna aliyekosea hesabu, ila hukuambiwa magunia 20 ni ya hali gani. Wataalamu hugawa mavuno katika ngazi. Ya juu kabisa ni mavuno yanayowekewa mpaka na jua, joto na mbegu tu. Inafuata ile inayozingatia upungufu wa maji, kisha ile inayozingatia maji na nitrojeni. Mavuno ya shambani huwa chini ya hizo zote. Ndani ya DSSAT kuna swichi ya maji, ya nitrojeni, ya fosforasi na nyinginezo. Ya nitrojeni ikizimwa, programu huchukulia kwamba mmea haukosi nitrojeni hata siku moja. Waulize wenye mradi swali moja tu: swichi zipi zilikuwa zimewashwa? Wakishindwa kujibu, msiitegemee namba yao.

Halafu kuna mambo ambayo modeli hii ya mahindi haiyaoni kabisa. Haijui striga, ile kayongo inayonyonya mizizi ya mahindi Nyanza na Magharibi, na ambayo mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Haijui viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017, wala MLN, ugonjwa wa virusi unaoua mahindi, ulioonekana kwanza Bomet mwaka 2011. Haijui pia sumu ya alumini kwenye udongo wenye asidi. Udongo ukiwa na pH (kipimo cha asidi) chini ya 5.5, mizizi hudumaa na fosforasi hufungwa, lakini kompyuta itaendelea kuamini kwamba mizizi inashuka mita nzima. Kama hujawahi kupima pH, anza hapo kabla ya kununua mfuko mwingine wa DAP. Huenda unachohitaji kwanza ni chokaa.

Jambo la tatu unaweza kulikagua mwenyewe: idadi ya mashina. Nafasi ya sentimita 75 kwa 25, shimo moja mbegu moja, ni mimea 53,333 kwa hekta, au karibu 21,600 kwa ekari. Hiyo ndiyo namba ambayo kwa kawaida huingizwa. Pima mita 10 za mstari mmoja uhesabu. Ukipata mashina 40, uko sawa na modeli. Ukipata 26, una mimea kama 35,000 kwa hekta, theluthi moja imepotea, na hakuna mbolea itakayoirudisha. Rudia mahali pasipopungua 5, usichague mistari mizuri.

Mwisho ni vizio. DSSAT hutoa mavuno kwa kilo za hekta, tena uzito mkavu usio na unyevu wowote. Chukua kilo 4,500. Gawanya kwa 2.47 upate kilo 1,822 za ekari, ambazo ni magunia 20 ya kilo 90. Lakini mahindi ya ghalani yana unyevu wa asilimia 13.5, kwa hiyo inabidi kugawanya tena kwa 0.865, na hapo yanakuwa magunia 23. Anayesahau hatua hiyo hupunja, na anayesahau kugawanya hekta kwa ekari huahidi zaidi ya mara mbili. Tumeona makosa yote mawili kwenye karatasi zilizochapishwa vizuri na kugawiwa wakulima.

Naandika tasnifu kuhusu siku ya kupanda mahindi Kaunti ya Kisumu. Hakuna kituo cha hali ya hewa karibu na mashamba yangu. Naweza kutumia data za setilaiti peke yake?
*Mwanafunzi, Kisumu*

Unaweza kuanza nazo, usimalize nazo. Joto na mionzi ya jua vinapatikana bure kwenye hifadhidata ya NASA POWER. Mvua inapatikana kwenye CHIRPS, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara wakishirikiana na idara ya jiolojia ya Marekani. CHIRPS inaanzia 1981, na kila mraba wake wa ramani una upana wa kilomita 5 hivi. Ni hazina kubwa, ila ina mitego ambayo tungependa uijue kabla hujaingia.

Kwanza, mionzi. Modeli inataka megajuli kwa mita mraba kwa siku, na kwetu namba hiyo huzunguka 18 hadi 22. Ukiona faili lako lina 5 au 6 kila siku, umepakua kilowati-saa. Zidisha kwa 3.6. Mahindi yanayopewa jua la 5 hudhoofika kana kwamba yamepandwa chini ya mti, na utahangaika wiki nzima ukilaumu mbegu.

Pili, mwinuko. Joto la NASA POWER ni la mraba wa nusu digrii kwa digrii 0.625, kama kilomita 55 kwa 69. Kwenu mraba mmoja unaweza kubeba uwanda wa Kano na milima ya Nandi kwa pamoja. Joto hushuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo tafuta mwinuko ambao mraba umepewa (umeandikwa juu ya faili), linganisha na mwinuko wa shamba, zidisha tofauti kwa 0.0065, kisha ongeza au punguza. Kosa la mita 400 ni nyuzi 2.6 kila siku, na kwa hesabu ya vizio vya joto tuliyoieleza juu, hilo hubadilisha siku ya kutoa ndevu kwa zaidi ya wiki.

Tatu, mvua. Mvua ya kwenu huja kwa kishindo alasiri, milimita 40 kijiji kimoja na tone moja kijiji jirani. Mraba wa setilaiti huitawanya ikawa manyunyu ya siku nyingi. Jumla ya msimu inaweza kutoka sawa huku modeli ikidhani udongo hauna siku kavu, au maji yote yanavukizwa juu juu bila kushuka. Tafuta kipima mvua chochote kilicho karibu, hata cha shule, ulinganishe idadi ya siku za mvua kabla ya kulinganisha jumla. Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na wataalamu wa vyuo vikuu vya Delft (Uholanzi) na Oregon State (Marekani), umeweka vituo vidogo kwenye shule nyingi nchini. Uliza kama kuna kimoja karibu nawe.

Nne, udongo. Ramani ya iSDAsoil ina miraba ya mita 30, lakini inaishia sentimita 50 kwenda chini, na mahindi hushuka zaidi ya mita. Chimba shimo. Chukua sampuli za 0–15, 15–30, 30–60 na 60–90. Usiiamini sana ile hesabu inayokisia maji ya udongo kutokana na kiasi cha mfinyanzi, maana nyingi ya fomula hizo zilitengenezwa kwa udongo wa nchi za baridi. Udongo mwekundu wa Kakamega una mfinyanzi mwingi na bado hupitisha maji upesi, ilhali mweusi wa Kano huyashika na kupasuka ukikauka. Pima: lowesha kipande cha mita mbili kwa mbili hadi kishibe, kifunike kwa plastiki, ngoja siku 2 au 3 (mweusi ungoje zaidi), chota sampuli, pima uzito, kausha kwenye tanuri la nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Kumbuka matokeo hayo ni kwa uzito. Zidisha kwa msongamano wa udongo kabla ya kuyaingiza, kwa sababu modeli inataka ujazo.

Anzisha hesabu wiki kadhaa kabla ya kupanda ili udongo wa kwenye kompyuta upitie kiangazi chake. Ukianza siku ya kupanda huku udongo ukiwa umejaa maji, kila tarehe utakayojaribu itaonekana nzuri, na tasnifu yako haitakuwa na cha kusema.

Kuhusu mbegu, tabia zake huandikwa kwenye faili kama namba zenye majina mafupi: rekebisha P1 kwa tarehe ya kutoa ndevu, kisha P5 kwa tarehe ya kukomaa, na baada ya hapo tu uguse G2 na G3 za idadi na ujazaji wa punje. P2 hupima mmea unavyoitikia urefu wa mchana. Kwetu mchana ni ule ule Januari hadi Desemba, kwa hiyo data za Kisumu haziwezi kukuonyesha thamani yake, iache ilivyo. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kuvuta G2 chini hadi mavuno yafanane na ya shambani, ilhali kilichopungua ni nitrojeni. Modeli hiyo italingana na msimu huo na kupotoka misimu yote inayofuata. Weka kando msimu mmoja usiouhusisha na marekebisho, uutumie kujipima.

Shule yetu ina kipima mvua na daftari. Je, wanasayansi wana haja nalo?
*Mwalimu wa kilimo, Butere*

Wana haja nalo sana, mwalimu. Someni kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili na likizo zikiwemo, mkiandika mvua hiyo kwa siku iliyotangulia. Kifaa kisimame mbali na mti au jengo, angalau mara mbili ya urefu wake. Siku isiyo na mvua andikeni 0. Siku ambayo hakuna aliyesoma msiandike 0, wekeni alama, kwa mfano -99, ambayo DSSAT huielewa kuwa data haipo. Sifuri za uongo za mwezi wa Aprili zinaweza kuunda ukame ambao haukutokea. Na kama mlifunga shule wiki moja mkakuta maji yamejaa, andikeni jumla na idadi ya siku, msiigawanye wenyewe.

Kwa nini mambo ya shamba langu yahusishe Marekani, Uholanzi na Australia? Hatuna wataalamu wetu?
*Msomaji, Nakuru mjini*

Tunao, na mchango wao umo ndani ya programu zenyewe. Miaka ya 1980, watafiti wa KARI (sasa KALRO), taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, walifanya kazi Katumani, Machakos, pamoja na wenzao wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia. Waliichukua CERES ya Marekani, wakaipima kwenye ukame na udongo hafifu wa Ukambani, wakatengeneza toleo lililoitwa CM-KEN. Kati ya waliyoonyesha ni kwamba kiasi kidogo cha nitrojeni kinaweza kumlipa mkulima hata penye mvua haba. Baadhi ya Waaustralia hao, wakiwemo Brian Keating na Bob McCown, walirudi kwao na kushiriki kujenga APSIM, programu nyingine ya modeli za mazao, na sehemu yake ya mahindi ilitokana kwa kiasi fulani na CM-KEN. Kwa hiyo mkulima wa Queensland anayetumia APSIM leo anategemea pia vipimo vilivyochukuliwa Machakos. Hili tunataka lijulikane, kwa sababu ushirikiano huu husimuliwa kana kwamba sisi ni wapokeaji tu.

DSSAT nayo ilizaliwa na mradi wa IBSNAT, ulioanza 1982 chini ya Chuo Kikuu cha Hawaii kwa fedha za Marekani. Wazo lake lilikuwa kuwafanya watafiti wa nchi mbalimbali wapime vitu vile vile kwa namna ile ile, ili jaribio la nchi moja liweze kusomwa na nyingine. Toleo la kwanza lilitoka 1989. Leo msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuuchukua na kuurekebisha.

Tangu 2010 kuna AgMIP, mradi wa kimataifa unaokusanya modeli nyingi na kuzipa data zile zile. Matokeo yake kuhusu mahindi yalichapishwa 2014: modeli 23, maeneo manne, Ufaransa, Marekani, Brazili na Morogoro, Tanzania. Modeli moja moja zilitofautiana sana, lakini wastani wa zote ulikaribia ukweli. Kwa pamoja zilionyesha upungufu wa karibu nusu tani kwa hekta kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, yaani zaidi kidogo ya magunia 2 kwa ekari. Jibu hilo halingepatikana na nchi moja ikiwa peke yake. Lakini angalia: Afrika yote iliwakilishwa na eneo moja. Penye majaribio machache yaliyopimwa vizuri, ndipo modeli zinapokisia zaidi, na magharibi mwa Kenya bado tuko upande huo.

Utabiri wa msimu ukisema kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kuzidi wastani, nipande lini?
*Mkulima, Rongai*

Asilimia 45 haikuambii siku. Inakuambia kwamba kati ya misimu ya aina hiyo, zaidi kidogo ya nusu haitazidi wastani. Utabiri huu hutolewa na ICPAC, kituo cha kikanda cha hali ya hewa, kwa nchi 11 za Pembe ya Afrika na jirani zake, na Idara ya Hali ya Hewa huufafanua kwa kila kaunti. Jua pia kwamba ule wa vuli, Oktoba hadi Desemba, huaminika zaidi kuliko wa masika, kwa sababu mvua za vuli hufuata sana joto la Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi.

Modeli inakusaidia hivi. Mwombe afisa wako achukue miaka 30 ya hali ya hewa ya Rongai, tarehe 4 za kupanda na mbegu 2. Hayo ni majaribio 240, na kompyuta ya kawaida huyamaliza kwa dakika chache. Msiangalie wastani peke yake. Kwa kila tarehe na kila mbegu, pangeni mavuno ya miaka 30 kutoka dogo hadi kubwa, mtazame la sita kutoka chini: mwaka mmoja kati ya mitano utakuwa mbaya kiasi hicho au zaidi. Kama umelipia mbegu na mbolea kwa mkopo, namba hiyo ndiyo inayokuhusu. Shambani, shikilia kanuni ya milimita 20 ndani ya siku 3, na unyevu uwe umeshuka kiganja kizima, si vumbi lililolowa juu.

Wakikupa pendekezo la mbolea kwa hekta, ligeuze. Kilo 60 za nitrojeni kwa hekta ni kilo 24 kwa ekari. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una 9, mfuko mmoja wa CAN una 13, jumla 22. Kilo 2 zilizobaki ni CAN kama kilo 8. Msimu ukianza vibaya, hiyo CAN ndiyo ya kusubirisha, kwa kuwa bado iko mkononi mwako.

Vijana wamekuja na simu, wamepima mipaka ya mashamba ya kikundi chetu na kuandika mavuno yetu. Tuna haki gani?
*Mwenyekiti wa kikundi, Bungoma*

Waombeni kwanza kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Hakuna utafiti halali bila hicho. Jina, simu na mahali pa shamba ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mna haki ya kuelezwa zinatumika vipi, kuziona, kuzisahihisha na kuomba zifutwe. Kabla ya kutia sahihi, dai mambo mawili kwa maandishi: matokeo yarudi kwenu kwa lugha mnayoielewa kabla ya msimu unaofuata, na data zikichapishwa, viwianishi vya shamba (namba za GPS) vikatwe hadi tarakimu mbili baada ya nukta, ambazo huficha shamba ndani ya kilomita moja hivi. Mwinuko uandikwe kando, ili modeli isipoteze joto.

Msiwafukuze. Vipimo vya kweli vya mavuno kutoka mashamba ya wakulima ni adimu kuliko picha za setilaiti.

Je, miwa ina modeli?
*Mkulima, Muhoroni*

Ipo. CANEGRO ilitengenezwa Afrika Kusini na imo ndani ya DSSAT, na APSIM nayo ina yake. Miwa ya kwanza hukaa shambani mwaka na nusu au zaidi, kwa hiyo faili za hali ya hewa lazima ziwe za miaka miwili au mitatu mfululizo, la sivyo hesabu hukatika njiani. Miwa ya visiki huingizwa kama zao jipya lenye tarehe yake ya kuanza. Tarehe ya mavuno iwe ile ambayo miwa ilikatwa kweli, si ile iliyoandikwa kwenye mkataba na kiwanda.